Fuawe kuukuu: jinsi ya kuitambua, kukadiria umri wake na kuirudisha kazini bila kuiharibu

Fuawe ya mhunzi, yaani chuma kizito anachofulia vyuma juu yake, inaweza kupigwa nyundo kwa miaka mia na zaidi isipungue kitu, kisha ikaharibiwa kwa saa moja na mtu mwenye grenda na nia njema. Chanzo ni jinsi ilivyoundwa. Fuawe nyingi zilizofuliwa Uingereza na Marekani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 si bonge moja la feleji (steel). Mwili wake ni chuma laini, na juu yake limeunganishwa kwa moto bamba la feleji lenye unene wa karibu milimita 12. Bamba hilo ndilo lililogumishwa kwa moto na maji, na ugumu wake hupungua kadiri unavyoshuka chini. Ukilikwangua ili lipendeze, umetupa sehemu ngumu kuliko zote, na hakuna karakana ya mtaani inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kushika kifaa chochote, ijue kwanza fuawe uliyo nayo.

Tukubaliane majina ya sehemu. Juu pale bapa ni uso. Mbele ni pembe, na nyuma panapochomoza ni kisigino. Kati ya uso na pembe pana ngazi ndogo iliyo chini kidogo ya uso; ngazi hiyo ni laini kwa makusudi, maana ndipo patasi inapokatia chuma bila kuharibika. Chini ya uso ni kiuno, kisha miguu. Kwenye kisigino kuna tundu la mraba la kusimamishia vifaa, na kando yake tundu dogo la mviringo la kutobolea.

Imefuliwa au imesubiwa?

Kufuliwa ni kuundwa kwa nyundo chuma kikiwa na moto; kusubiwa ni kumiminwa kwenye kalibu chuma kikiwa kimeyeyuka. Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu majibu ya mengine yote yanalitegemea.

Fuawe iliyofuliwa ina matundu ya mraba yasiyotoboka hadi upande wa pili, yenye upana wa sentimita 2 hadi 3. Hupatikana mbele ya kiuno chini ya pembe, nyuma chini ya kisigino, na mara nyingi kwenye kitako pia. Yalikuwa ya kuchomeka vyuma virefu vya kubebea bonge lenye moto wakati wa kulifua. Alama zake zimepigwa kwa muhuri, yaani herufi zimezama ndani ya chuma. Tazama pia ubavuni, karibu na uso: ukiona mstari mwembamba ulionyooka sentimita moja hivi kutoka juu, hapo ndipo bamba la feleji lilipoungana na mwili.

Fuawe iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na herufi au picha zilizoinuka juu ya chuma, na ngozi yake ina chembechembe za mchanga. Hapa angalia sana, kwa sababu kuna aina tatu zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya chuma cha kusubu kitupu, bila bamba. Hiyo hukatika kisigino ikipigwa sana, na uso wake hubonyea. Bidhaa nyingi za bei ya chini zinazouzwa leo zikiwa na rangi inayong'aa ni za namna hii. Ya pili ina mwili wa chuma cha kusubu na bamba la feleji juu yake. Kampuni ya Fisher & Norris ya Trenton, New Jersey, ilijijengea jina kwa fuawe za namna hii tangu miaka ya 1840, na alama yake ni tai aliyeinuka ubavuni. Vulcan, zenye picha ya mkono ulioshika nyundo, ziko kundi hilohilo. Ya tatu imesubiwa yote kwa feleji, kama Kohlswa na Söderfors za Sweden. Hizo ni fuawe za kutafuta kwa tochi, na mlio wake ni mkali kiasi cha kuumiza masikio.

Kusoma alama

Usianze na grenda wala diski ya waya iliyokazwa kwenye grenda. Alama za muhuri huwa na kina cha milimita moja au chini ya hapo, na kutu imekwisha kula sehemu yake. Fanya hivi:

1. Ondoa vumbi na grisi kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni.
2. Paka siki kwenye kitambaa, kilaze ubavuni, kifunike kwa plastiki na ukiache saa 3 au 4. Sugua kwa brashi ya waya ya mkono, suuza, kausha mara moja na upake mafuta mepesi.
3. Ingia mahali penye giza, shika tochi usawa wa ubavu ili mwanga upite ukiegemea chuma. Sogeza tochi polepole kutoka kila upande. Herufi ambazo hukuziona mchana zitatoa vivuli.
4. Zikigoma, paka unga wa chaki ubavu mzima kisha ufute juujuu kwa kiganja. Chaki itabaki kwenye mashimo. Piga picha papo hapo.

Tazama ubavu wote wa kulia na wa kushoto, kisha sehemu ya mbele ya miguu iliyo chini ya pembe. Watengenezaji wa Marekani kama Hay-Budden wa Brooklyn na Trenton (hapa ni jina la fuawe, si mji ule wa New Jersey) wa Columbus, Ohio, walipiga uzito na namba ya mfululizo kwenye mguu wa mbele. Ilaze pia chali uone kitako. Hay-Budden nyingi zina bonde lenye umbo la kioo cha saa ya mchanga, na Trenton nyingi zina bonde la umbo la yai. Fuawe iliyopoteza kila herufi inaweza kutambuliwa kwa kitako peke yake, ndiyo maana hatushauri kuipigia chini bamba la chuma kwa kuchomelea kabla ya kutazama.

Miongoni mwa za Kiingereza, majina utakayokutana nayo zaidi ni Peter Wright wa Dudley na Mousehole wa Sheffield. Peter Wright hupigwa maneno PETER WRIGHT PATENT, na nyingi zina duara lenye maneno SOLID WROUGHT. Miguu yake ina kijukwaa bapa juu ya nyayo, mbele na nyuma, na hiyo ni dalili nzuri pale maandishi yanapofutika. Mousehole huonyesha jina la Armitage, na za baadaye zina picha ya panya.

Namba tatu za uzito

Watu wengi huona 1 1 16 ubavuni wakadhani ni tarehe au ratili 1,116. Hizo ni hesabu za vipimo vya Kiingereza. Namba ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizosalia. Basi 1 1 16 ni 112 + 28 + 16, jumla ratili 156, sawa na kilo 70.8 hivi. Namba ya katikati haiwezi kuzidi 3, na ya mwisho haiwezi kuzidi 27. Ukisoma 1 5 30, rudia kusoma, herufi imekuhadaa.

Marekani walizoea kupiga ratili moja kwa moja, kwa mfano 150. Fisher za zamani huandika uzito kwa makumi, hivyo 15 ni ratili 150. Za Ulaya bara kwa kawaida ni kilo.

Pima fuawe yako kwenye mizani ya gunia na ulinganishe. Tofauti ya kilo moja ni kawaida. Ikiwa pungufu zaidi ya hapo na hakuna kipande kilichovunjika, huenda uso umewahi kukwanguliwa. Lakini usitegemee mizani pekee: uso wa sentimita 11 kwa 40 ukipunguzwa milimita moja hupoteza gramu 345 tu, kwa hiyo milimita mbili za bamba zinaweza kuondoka na mizani isiseme kitu. Ushahidi bora ni macho. Ubavu uliojaa mashimo ya kutu chini ya uso laini kama kioo wenye kingo zilizochongoka, au mistari sambamba ya mashine juu ya uso, vyote vinasema jambo lilelile. Kwenye fuawe ya namna hiyo tafuta mstari wa maungio na upime kwa rula bamba lililobaki.

Kukadiria umri

Umri haupatikani kwa alama moja. Kusanya dalili, kisha uache ile iliyo dhaifu.

Umbo hutangulia. Fuawe za karne ya 18 ni nene, fupi, na pembe yake ni butu kama imekatwa. Baadhi zina mguu wa tano unaojitokeza katikati chini ya pembe. Kisigino ni kifupi, na tundu dogo la mviringo halipo kabisa. Tundu hilo lilianza kuwa la kawaida kwenye fuawe za Kiingereza katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, kwa hiyo likikosekana una sababu ya kufikiria kabla ya hapo. Hata hivyo, likiwapo tazama kama limetobolewa kwa keke baadaye: tundu la keke lina ukuta laini ulionyooka, la asili huwa na ukuta wa kubonyezwa kwa moto.

Kisha lugha ya muhuri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko kuonyesha nchi zilikotoka. Neno ENGLAND likiwapo, basi fuawe ni ya wakati huo au baadaye. Likikosekana halithibitishi kitu, hasa kwa fuawe iliyopatikana Mombasa, Tanga au Nairobi, kwa kuwa haikuwa na haja ya kupita forodha ya Marekani. Maneno MADE IN GERMANY nayo yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa.

Dalili ya uhakika zaidi ni mwaka wenyewe uliopigwa mwilini. William Foster wa Uingereza aliandika miaka kwenye fuawe zake nyingi, na baadhi ya Söderfors zinao pia. Kwa Hay-Budden na Trenton, wakusanyaji wamepanga majedwali yanayooanisha namba za mfululizo na miaka. Namba ikisomeka nusu, ukisema "ya karibu 1905 hadi 1910" umesema kweli zaidi ya anayetaja mwaka mmoja kwa kubahatisha.

Kupima afya kabla ya kununua

Beba gololi ya beringi yenye kipenyo cha milimita 25, rula ya chuma ya sentimita 30, tupa mpya yenye meno madogo, na nyundo ya gramu 250.

Kipimo cha kwanza ni gololi. Simamisha rula juu ya uso, achilia gololi kutoka sentimita 25 bila kuisukuma, na utazame inarudi hadi wapi. Ikifika sentimita 20 umepata asilimia 80, na hiyo ni fuawe nzuri sana. Sentimita 17 au 18 bado ni chombo cha kazi. Chini ya 12 uso ni laini. Rudia kila baada ya sentimita 5 kwa urefu na upana, ukiandika matokeo kwa chaki papo hapo. Ramani hii ina maana kuliko namba moja. Uso uliolegea kote kwa kiwango kimoja huashiria fuawe iliyopitia moto wa nyumba kuungua, ukapoteza ugumu wake. Sehemu moja iliyolegea, zilizoizunguka zikiwa nzima, ni dalili ya bamba lililoachana na mwili au ya mtu aliyechomelea hapo zamani.

Kipimo cha pili ni mlio. Gonga kidogo kwa nyundo kuanzia pembe hadi kisigino. Fuawe iliyofuliwa hulia kama kengele. Mlio ukifa ghafla mahali fulani na kuwa wa ubao, bamba limeachana hapo au kuna ufa. Fisher na Vulcan hazilii hata zikiwa mpya, na hiyo ilikuwa sifa yake kwa wanaofanya kazi karibu na majirani. Zipime kwa gololi tu.

Tatu, tupa. Pitisha kwenye ukingo wa bamba, si kwenye ngazi. Kwenye uso mgumu tupa huteleza. Ikila chuma kwa urahisi, ugumu umekwenda.

Mwisho weka rula kwa urefu juu ya uso na uchungulie mwanga. Bonde la milimita 2 au 3 katikati si ugonjwa. Wahunzi wengi hulipenda, kwa sababu chuma kilichopinda huhitaji nafasi ya kuvuka mstari kidogo ndipo kirudi kikiwa kimenyooka. Kingo zilizomeguka nazo zisikutishe, mradi pamebaki sentimita 10 au 15 nzima upande mmoja. Kinachotosha kukukatisha tamaa ni ufa kwenye kiuno, kisigino kilichokatika karibu na tundu la mraba, na bamba lililoinuka.

Kusafisha

Brashi ya waya ya kikombe kwenye grenda, kwa mwendo wa chini, huondoa kutu iliyolegea kwa saa moja au mbili na haili feleji. Vaa miwani iliyofunga kila upande. Kama kuna rangi ya zamani, ichukulie kuwa ina risasi: iondoe kwa dawa ya kulainisha rangi na kikwaruzo, usiisage ikawa vumbi.

Kutu nzito hutolewa kwa umeme. Chukua pipa la plastiki na maji, weka magadi safi, yaani sodiamu kaboneti kama ile inayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Funga waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye fuawe, na waya chanya kwenye vipande vya nondo vilivyozunguka bila kuigusa. Iache saa 12 hadi 24. Ukizigeuza nyaya hizo, fuawe yenyewe ndiyo italiwa. Usitumie vyuma visivyoshika kutu mahali pa nondo, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu majini. Fanya kazi nje, kwani viputo vinavyopanda ni haidrojeni inayoshika moto. Zima chaja kabla ya kugusa kitu.

Asidi kali ya betri au ya kusafishia vyoo iache kabisa. Inakula herufi, na kwenye feleji ngumu inaweza kusababisha nyufa ndogo.

Ukishakausha, pasha mwili kwa jua kali au kwa tochi ya gesi hadi ufikie joto ambalo mkono unalivumilia, kisha upake mafuta ya kitani yaliyochemshwa kwa tabaka jembamba na ufute yanayobaki. Vitambaa vilivyotumika vitandaze nje au uvizamishe majini. Vikikunjwa pamoja hujiwasha moto vyenyewe, na karakana zimeungua hivyo. Uso hauhitaji mafuta ya kitani. Kazi yenyewe itaung'arisha.

Kingo, pembe na matundu

Hapa ndipo grenda inaruhusiwa, na kwa kipimo. Kingo zilizomeguka hazijazwi, huviringishwa. Tumia diski ya msasa ya mapande namba 60, umalize na 120. Karibu na pembe viringisha ukingo kwa nusu kipenyo cha milimita 10 hivi, ukipunguza taratibu hadi milimita 3 kuelekea kisigino, na uache sentimita chache zikiwa kali kwa kazi ya pembe mraba. Ukingo mkali kote haufai: huchanja chuma cha moto na kuanzisha ufa kwenye kazi yako, na wenyewe humeguka haraka.

Weka kiganja juu ya feleji kila baada ya nusu dakika. Kiganja kikikataa, simama. Ukiona rangi ya zambarau au buluu, hapo ugumu umepungua tayari.

Pembe ni chuma laini, hivyo mikwaruzo yake inaondolewa kwa tupa. Ncha iliyochongoka iondoe hadi iwe butu kama sarafu ndogo. Ipo usawa wa paja. Kwenye tundu la mraba ondoa makwaruzo ya ndani kwa tupa bila kulipanua, kisha pima: mengi ni milimita 19, 22 au 25. Vifaa vyake viingie kwa kulegea kidogo. Kifaa chenye mkia mwembamba chini na mnene juu hufanya kazi ya kabari kila kinapopigwa, na visigino vingi vilivyokatika vilikatika hivyo.

Kuchomelea, kama hakuna budi

Chomelea pale tu palipokosa kabisa ukingo wa kufanyia kazi. Fuawe yenye mwili wa chuma cha kusubu iache kama ilivyo, kwani joto litaipasua au litatenganisha bamba.

Kwa iliyofuliwa, saga sehemu iliyochoka hadi ukute feleji safi, kisha pasha fuawe nzima hadi nyuzi 200 za Selsiasi, ukihakikisha kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi zilizoandikwa juu yake. Usivuke 230, maana juu ya hapo unaanza kulegeza uso mzima. Tabaka za chini ziwe za vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vilivyokaushwa kwenye oveni, na za juu vijiti vya uso mgumu vinavyofikia karibu ugumu wa bamba. Mistari iwe mifupi ya sentimita 3 hivi. Gonga kila mstari kwa nyundo ndogo ungali na moto, ondoa ukoko, hakikisha joto bado liko 200, kisha uendelee. Ukimaliza funika yote kwa majivu makavu hadi kesho yake. Kasoro mbili hutokea sana. Ufa unaofuata mstari wa kuchomelea hutokana na kuanza chuma kikiwa baridi au vijiti vyenye unyevu. Nyingine ni ukanda laini pembeni mwa kiraka, nao hutokana na joto kuzidi mahali pamoja.

Kuisimamisha

Gogo la mti mgumu, nyuzi zikiwa wima, linashinda stendi nyingi za bomba. Kimo: simama umevaa viatu vya kazi, kunja ngumi, mkono uning'inie, uso wa fuawe uguse vifundo vya ngumi. Kwa kazi ya nyundo kubwa ya watu wawili, shusha sentimita 5. Weka mpira mgumu au silikoni kati ya kitako na gogo, kisha kaza miguu kwa bamba na skrubu ndefu. Fuawe inayorukaruka hula nguvu ya mkono na hupiga kelele zaidi. Mlio ukibaki mkali, zungusha mnyororo mzito kiunoni au bandika sumaku chini ya kisigino.

Rudia kipimo cha gololi baada ya kufunga, sehemu zilezile za chaki. Namba zikishuka sana kote, kitako hakijakaa sawa kwenye gogo: fungua, paka chaki kitakoni, tafuta panapogusa, uchonge gogo. Fuawe yenyewe usiiguse.